Mwaka Gari Lilipoingia Jikoni Kwangu

Krismasi iliyopita mjukuu wangu Maduhu alikuja kutoka Mwanza na rafiki zake wanne, wakakaa uani kwangu hapa Bariadi wakila nyama ya mbuzi, naye akaanza kuwasimulia habari ya kile kisanduku. Mimi nilikuwa ndani napepeta mchele, dirisha liko wazi. Alisimulia vibaya. Eti watu wa huku walikuwa hawaelewi mambo ya magari, yeye akakaa nao, akawaelimisha polepole, wakaelewa. Kuelimisha! Wale rafiki zake wakatikisa vichwa kama wanasikiliza mahubiri. Nilitaka kutoka na ungo wangu nimtie aibu hapo hapo, lakini mgeni ni mgeni, na mbuzi alikuwa wangu. Basi nimenunua daftari la kurasa themanini, na kwa mwandiko wangu wa darasa la nne naandika ilivyokuwa. Anayeona nimekosea na yeye anunue daftari lake.

Watu hudhani mwaka unaomfunza mtu ni lazima uwe wa ujanani. Wa kwangu ulikuja nina miaka sitini na moja, nimeshazika mume, nimeshalima pamba misimu isiyo na idadi, na nilikuwa najiona nimemaliza kufunzwa. Mwaka huo Maduhu alihamia kwangu na gari. Nilimpa chumba cha mbele, kile nilichokuwa natunzia magunia ya mtama. Magunia yakahamia chumbani kwangu, nikawa nalala nayo kama wake wenza, na chumba cha mbele kikajaa betri, nyaya, matairi, na harufu ya oili iliyofika mpaka kwenye mashuka. Gari lenyewe lilikaa uani. La bluu, la chini, lina bawa nyuma kama kunguru aliyekasirika, na bomba la moshi pana kama sufuria ya ubwabwa wa harusi. Lilikuwa halivuki mfereji wa getini bila kukwaruza tumbo. Nilimuuliza, "Hili linabeba magunia mangapi?" Akasema, "Bibi, hili halibebi magunia, hili ni gari la michezo." Nikamwambia mimi sijawahi kuona mtu mzima akinunua mchezo usiobeba hata debe moja. Akacheka. Kila nilichosema mwaka ule alikicheka, na hilo peke yake lilitosha kunipandisha presha.

Habari ya kisanduku alinieleza mchana mmoja tunakula ugali wa mtama na mlenda, na maziwa mgando pembeni. Kilikuwa kidogo, kinaenea kiganjani, cheusi, kina vitufe viwili na taa: kijani, bluu, njano, nyekundu. Alikuwa anaviagiza, anavifunga kwenye magari ya watu. Nikamuuliza kinafanya nini. "Bibi, magari ya zamani ukikanyaga mafuta kuna waya unavuta moja kwa moja. Haya ya sasa hakuna waya. Mguu wako unaongea na kompyuta, na kompyuta ndiyo inaamua."

"Inaamua nini wakati mguu ni wangu?"

"Ndiyo hapo sasa. Inachelewa kidogo. Inafikiri."

"Inafikiri nini?"

"Bibi, kula. Sasa hiki kisanduku kinakaa katikati ya pedali na kompyuta. Ukikanyaga robo, kinaiambia kompyuta umekanyaga nusu. Ukiweka taa nyekundu ndiyo kali, ukigusa tu gari linaruka. Ya kijani ni ya taratibu, hata kwenye tope haikusumbui."

"Kumbe kinasema uongo."

Akatafuna kidogo. "Kinaharakisha jibu."

"Na nguvu ya gari inaongezeka?"

"Nguvu ni zile zile."

Hapo nilielewa vizuri kabisa, na naomba msomaji ashike kwamba nilielewa. Mimi nimefundisha ng'ombe wa plau. Kuna dume ukiinua fimbo tu linaruka, na mtu asiyejua atasema hilo lina nguvu. Halina nguvu kumzidi mwenzake. Lina wasiwasi tu. Shambani linakuvunjia nira kabla ya saa tatu, na ardhi ikiwa mbichi linateleza linaanguka na kumwangusha mwenzake. Nilimwambia Maduhu hivyo, akasema, "Bibi, wewe ni fundi kuliko mafundi." Nikafurahi. Mimi nikisifiwa huwa nafurahi, sioni sababu ya kuficha. Na ugonjwa wenyewe ulianzia kwenye furaha hiyo.

Mwezi wa nane, pamba imeshauzwa na watu wana nafasi, vijana wa Bariadi na wa Maswa walipanga mbio kwenye uwanja wa nyuma ya kinu cha pamba kilichofungwa. Mara ya kwanza walikimbia kunyooka tu, mwisho wa uwanja hadi mwisho wa uwanja. Wageni hawatajua, lakini kwetu Usukumani ngoma zikishindana huwa pande mbili, na kila upande una mtu wa dawa. Dawa hiyo tunaiita samba, ni ya kuvuta watu waache kutazama wale waje kwenu. Samba lina miiko yake: asiyekabidhiwa haligusi, halipunguzwi, haliulizwi limetengenezwa na nini. Basi vijana walipoanza mbio zao waligawanyika vile vile, Bariadi huku, Maswa kule, na filimbi na matusi ya utani kama ngomani. Maduhu akashinda. Gari liliruka kutoka mstarini wenzake wakiwa bado wanajiuliza. Kesho yake nilikwenda mashine ya kusaga kwa Mama Limi. Wanawake wamepanga foleni na madebe yao, mashine inapiga kelele, mmoja akanipigia ukelele sikioni, "Bibi Maduhu, mjukuu wako kapata wapi mbio zile?"

Nilikuwa najua jibu. Nilikuwa nimelielewa kupita wote mle ndani. Ningesema, ni kisanduku, hakiongezi kitu, kinaharakisha tu. Lakini wote walinigeukia, hata Mama Limi akazima mashine, na mimi nikajiona mkubwa. Nikasema, "Ana samba lake chini ya usukani." Wakacheka, wakapiga vigelegele. Nilirudi nyumbani na unga kichwani, natembea kama nimeshinda mimi.

Baada ya hapo wateja wakaja. Ndani ya miezi miwili Maduhu alifunga visanduku kwenye magari saba. Wenye magari ya michezo hapa si wengi, kwa hiyo walikuja hata wenye magari ya kawaida. Kila mmoja alisema neno moja: "Niwekee kali." Naye akawawekea taa nyekundu. Nilimsikia kwa masikio yangu, mimi nikiwa naanika michembe ya viazi, akimwambia mteja, "Ukitaka kupunguza bonyeza hapa," na mteja akarudisha mkono nyuma kama ameonyeshwa nyoka: "Hapana, hapana, fundi. Mimi sigusi." Maduhu akacheka, akafunga mlango wa gari. Hakubishana naye. Na mimi niliyekuwa nageuza michembe sikufungua mdomo, nilidhani yule bwana ni mwoga wa umeme tu.

Bwana Rajabu ndiye aliyenifungua macho. Ni mfanyabiashara wa hapa mjini, anauza misumari, rangi na mabati, mtu wa heshima, mtu wa msikitini, na alikuwa na gari jekundu la chini analolipenda kuliko duka. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi alikuja kumwona Maduhu, akamkosa, akasalimia, akaingia garini aondoke. Mimi nilikuwa jikoni, maharage yako motoni. Kuku akaingia kwenye unga, nikatoka namfukuza. Nilikuwa sijafika hata kwenye karo niliposikia mlio kama ng'ombe anachinjwa, kisha ukuta wa jiko ukaanguka. Nilipogeuka, nusu ya gari la Rajabu ilikuwa ndani ya jiko langu. Maharage yalikuwa juu ya kioo. Kigoda nilichokuwa nimekalia sikukiona mpaka jioni, na kilikuwa vipande.

Rajabu alitoka, kofia imemwangukia usoni. "Mama, nisamehe. Nilidhani nimeweka gia ya kurudi nyuma, kumbe ya mbele. Nimegusa tu, wallahi, nimegusa tu!"

Kosa la gia anafanya kila mtu. Kwa gari la kawaida ungesogea shubiri moja ukakanyaga breki ukacheka. Nikamuuliza, "Rajabu, kwa nini hukupunguza kile kisanduku?"

"Nipunguze vipi, mama?"

"Vitufe si vipo! Mtu mzima unaendesha mjini na taa nyekundu!"

Akaangalia pembeni. "Mama, mimi ni Mwislamu, mambo yenu ya ngoma siyajui na sitaki kuyajua. Lakini niliambiwa kile hakiguswi. Akikigusa asiyekabidhiwa kinamgeuka."

"Nani kakwambia ujinga huo?"

"Mji mzima." Kisha akasema kwa adabu, na adabu yake iliniuma kuliko ukuta, "Wanasema neno lilitoka kwako."

Nilikaa chini pale pale kwenye matofali. Nilimweleza Rajabu yote, waya, kompyuta, robo na nusu. Alinisikiliza, akasema, "Nimekuelewa, mama," akaita watu wavute gari. Hakukigusa kisanduku. Nilimwona. Aliinama kuchukua kofia yake, mkono ukapita karibu nacho, akaukwepesha.

Mchana Maduhu alirudi, tukala mihogo ya kuchemsha kwenye ngazi maana jiko halipo, na hapo ndipo tuligombana. Nilimwambia kuna magari sita mengine yanatembea na kitu kile kimewekwa kwenye nyekundu, wenyewe wanakiogopa, na mawingu yameshaanza kukaa upande wa Lalago. Udongo wetu wa mbuga ukinyeshewa ni sabuni. Mojawapo ya magari hayo ni la Mwalimu Holo, jirani yangu, anayepakia watoto watatu kila asubuhi kwenda shule, wawili wake na mmoja wa dada yake. "Watafute wote," nikamwambia. "Waambie hakiongezi nguvu, wakishushe kwenye kijani."

"Nitawaambia, Bibi. Baada ya Jumamosi."

"Jumamosi kuna nini?"

Kulikuwa na mbio tena. Safari hii si za kunyooka, ni za kuzunguka mapipa, na kuna mtu wa Mwanza anakuja kutazama. Mtu huyo alikuwa na timu ya magari ya mashindano na anatafuta fundi. "Bibi, hii ndiyo nafasi yangu. Nikianza leo kuzunguka mjini nasema kile kitu hakiongezi kitu, watasema nimewatapeli. Huyo mtu wa Mwanza atakuja kukuta mji mzima unaniita tapeli. Nisubirie siku nne tu."

"Na mvua nayo umeiambia isubiri siku nne?"

"Bibi, nani alisema ni samba? Mimi?"

Huyo ndiye mtu ambaye sasa anasimulia kwamba alielimisha watu. Lakini siku ile alinishika pabaya, nikamtukana kuku.

Sikungoja Jumamosi kwa Mwalimu Holo. Nilikwenda kwake jioni ile ile, watoto wanafanya hesabu sakafuni. Mwalimu amesoma, ana cheti ukutani, nikajua huyu atanisikia. Nilimweleza taratibu kuliko nilivyomweleza Rajabu. Nilimwambia mimi ndiye niliyesema uongo mashineni, nilikuwa najisifu tu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, mayu. Nimeelewa." Kisha akakonyeza jicho. Akakonyeza! Kesho asubuhi nikasimama barabarani, gari likapita na watoto nyuma, na pale chini ya usukani taa ilikuwa nyekundu kama jicho la mlevi. Nilikosa usingizi nikijiuliza kile kikonyezo kilikuwa cha nini.

Jumamosi nilivaa kitenge changu kizuri. Uwanja ulikuwa umejaa, vumbi linapanda, mapipa yamepangwa, Maswa wanapiga filimbi. Magari sita ya wateja wenye visanduku yalikuwa yameegeshwa pembeni kwa watazamaji, na la Rajabu la saba, uso bado umebonyea ingawa ametoka kulinyoosha. Mtu wa Mwanza alikuwa amesimama kivulini mwa ukuta wa kinu, mwembamba, mikono mfukoni, hasemi. Kijana wa kipaza sauti alikuwa anataja majina ya madereva. Nilimwendea nikamwambia, "Nipe hicho." Mtu wa rika langu huku hanyimwi kitu. Maduhu aliniona kutoka kwenye gari lake, akaanza kutikisa kichwa, Bibi usifanye, Bibi usifanye. Nilikuwa nampenda. Nampenda mpaka leo. Lakini nilikuwa nimeona mawingu asubuhi, na nilikuwa nimeona vichogo vya wale watoto watatu kwenye kioo cha nyuma.

Nikasema, na sauti yangu ikanirudia kutoka kwenye ukuta wa kinu: "Kile kisanduku cha mjukuu wangu si dawa. Ni kitu cha umeme. Hakiongezi nguvu hata kidogo. Kinaharakisha gari kuitikia mguu, na kikiwekwa kwenye nyekundu ni hatari. Kishusheni. Mimi nilisema ni samba, nilikuwa najisifu. Nilisema uongo."

Mtu nyuma akapaza sauti, "Bibi anaficha!" Na uwanja mzima ukaangua kicheko cha raha, cha kuelewana, na mimi hapo ndipo nilipoelewa kikonyezo cha mwalimu. Mwenye samba hakiri kwamba analo. Tangu nikiwa msichana sijawahi kumsikia hata mmoja. Ukimuuliza anakana, na anavyokana kwa nguvu ndivyo watu wanavyojua dawa ni kali. Kila nilipokuwa nafungua mdomo kusema kweli, kwa Rajabu, kwa Holo, na sasa kwa kipaza sauti mbele ya wilaya mbili, nilikuwa naipandisha bei dawa isiyokuwepo.

Nilikasirika hadi macho yakaona giza. Nikarudisha kipaza sauti, nikaenda kwenye gari la bluu, nikafungua mlango wa Maduhu, nikamsukuma magoti, nikainama na kitenge changu kizuri, nikabonyeza kile kitufe. Njano. Bluu. Kijani. Watu wakavuta pumzi wote pamoja. "Bibi, umenimaliza," Maduhu akasema kwa sauti ndogo. Nikamwambia, "Endesha."

Angeweza kukirudisha kwenye nyekundu. Hakuna aliyemzuia. Sijui kwa nini hakukirudisha, sijawahi kumuuliza, na yeye katika masimulizi yake anaparuka hapo. Aliondoka mstarini taratibu, Maswa wakazomea. Lakini kwenye pipa la kwanza wenzake waligusa mafuta na magari yakachimba vumbi, mikia ikaenda kushoto na kulia kama mbwa aliyepigwa. La bluu lilipita limetulia. Pipa la pili vile vile. Alipomaliza alikuwa amemwacha wa Maswa kwa urefu wa nyumba. Mtu wa Mwanza akatoa mikono mfukoni. Nilikuwa karibu, nilisikia. Alimuuliza Maduhu, "Hicho kifaa kinaongeza nini?" Maduhu akafuta uso, akaangalia huku na huku watu wakimshangilia, akajibu kwa sauti ya chini, "Hakiongezi kitu, kaka. Kwenye vumbi ni bora ukishushe." Yule mtu akasema, "Jumatatu njoo na nguo zako." Hivyo ndivyo alivyoelimisha: mtu mmoja, ambaye tayari alikuwa anajua.

Watu wa uwanjani, wao walikuwa wameona jambo jingine. Walikuwa wameona mkono wa bibi ukiingia chini ya usukani, taa ikibadilika, na gari likishinda. Rajabu ndiye wa kwanza kunijia, kofia mkononi. "Mama, na langu uliguse." Nyuma yake mwingine, na mwingine, foleni kama ya mashineni. Nikawaambia, "Bonyezeni wenyewe, ni kitufe!" Wakatabasamu wakangoja. Ningeweza kuwatukana nikaenda zangu nyumbani na ukweli wangu. Matone ya kwanza yakanipiga begani, makubwa, ya moto.

Nikaingia gari la Rajabu, nikashusha hadi kijani. La pili. La tatu. Nilinyamaza, nikakunja uso kama nilivyowaona wazee wa ngoma wakikunja. La saba lilikuwa la Mwalimu Holo. Watoto watatu walikuwa kiti cha nyuma wanakula karanga, wakaniamkia pamoja, "Mwadila, mayu." Nikaitikia. Nikabonyeza, taa ikawa ya kijani, nikainuka na mgongo wangu unaolia. Holo aliinamisha kichwa dirishani akanong'ona, yeye mwenye cheti ukutani, "Mayu, sasa nikitaka kukirudisha?"

Nilimwangalia. Nikawaangalia wale watoto. Mvua ilikuwa imeanza kuandika kwenye vumbi la boneti.

"Ole wako," nikamwambia. "Usikiguse mpaka ufe."

"Nimesikia, mayu," akasema, na safari hii hakukonyeza.